Kadi za Makaribisho

Anayeacha mchezo wa kulenga shabaha huuacha siku ya kwanza. Kocha alikuwa na hakika na jambo hilo, kwa kuwa aliandika kila jina kwa miaka kumi na mmoja. Katika kila wageni ishirini, kumi na saba hawakurudi wiki ya pili. Hawakukimbia sakafu ya baridi. Hawakukimbia kelele pia, maana bunduki ya upepo haipigi kelele kuliko mlango uliobamizwa na mtu mwenye hasira. Walikimbia kadi zao.

Kadi ni karatasi ngumu, kubwa kidogo kuliko kiganja, yenye miduara iliyobanana kuelekea katikati. Mduara wa nje ni alama moja. Kitone cha katikati kabisa ni kumi. Inabandikwa ukutani mita kumi mbele ya mpigaji, naye anaipiga risasi tano, kila risasi ndogo kama dengu. Mgeni akimaliza kupiga anajiona simba. Kisha kadi inaletwa, ina tundu moja pembezoni, na zile nyingine nne zimeingia kwenye ubao. Mgeni anacheka kidogo, anasema leo alikuja kutazama tu, anaaga vizuri, na huo ndio unakuwa mwisho wa kuonana.

Miaka miwili iliyopita Kocha alipata dawa. Kwanza aliweka sheria kwamba anayevuka mstari kwenda kuleta kadi ni yeye peke yake. Usalama, alisema, na nani atagombana na usalama? Kisha kila Jumatano mchana, ukumbi ukiwa mtupu, akawa anapiga kadi za watu wengine.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupiga vizuri. Kadi ya mgeni lazima ifanane na ya mgeni: saba huku, sita kule, tatu moja ya aibu, na tisa moja ya kumfanya mwenyewe aruke. Kumi hakumpa mtu. Kumi huleta maswali. Alizipanga katika mfuko wa ndani wa koti, na mgeni alipomaliza risasi zake Kocha alitembea hadi ukutani, akawapa watu mgongo, akabandua kadi moja na kurudi na nyingine ameinyanyua juu.

"Nani kasema hajawahi kushika bunduki? Mnanifanya mtoto mimi!"

Wakarudi. Wakirudi wiki tatu nne, mikono inatulia na macho yanazoea, naye anaanza kuwaletea kadi zao wenyewe, moja ya kweli kwa mbili za kwake, kisha mbili kwa moja, hadi wanasimama wenyewe bila kujua walikuwa wameshikwa. Aliwahi kumweleza Mwenyekiti wa klabu, daktari wa mifugo mstaafu. Mwenyekiti aliendelea kusafisha miwani yake.

"Mimi sijasikia kitu," alisema. Mwezi uliofuata akaagiza kadi mara mbili ya kawaida.

Mwaka huu dawa ilihitajika kuliko miaka yote. Ofisi ya michezo iliandika barua: ukumbi, ambao zamani ulikuwa ghala la karatasi, utapewa watu wa mpira wa meza, isipokuwa kama klabu itapeleka wageni wanane kwenye mashindano ya wazi. Kujiandikisha hakutoshi. Wote wanane wasimame kwenye mstari na kumaliza risasi arobaini.

Watu wa mpira wa meza walishakuja na futi kupima sakafu.

Kwa Mwenyekiti, ukumbi ulikuwa mahali pa kunywa chai na wenzake. Kwa Kocha ulikuwa jina. Aliwahi kuwa wa pili nchi nzima, alipokuwa na miaka ishirini na sita. Sasa ana arobaini na minne na anagonga mihuri kwenye vifurushi, na huko kazini humwita "wewe wa vifurushi". Humu ndani tu ndimo alimokuwa Kocha.

Miezi miwili kabla ya mashindano alikuwa amepata saba. Mmoja wao alikuwa nesi wa wodi ya wazazi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, asiye na maneno mengi. Siku yake ya kwanza Kocha alikwenda ukutani na kadi ya bandia tayari mkononi, akatazama ile ya kweli, akaganda. Tisa, tisa, kumi, nane, tisa. Alirudisha ya kwake mfukoni. Kwa nesi hakubadilisha hata kadi moja, wala hakumwambia ni mpigaji wa namna gani, asije akavimba kichwa. "Si vibaya," alimwambia. "Njoo tena." Akawa anakuja asubuhi za zamu zake za mchana, na hakuwafahamu wengine.

Wa nane alikuwa Mama Vifungo.

Alishona sare za shule, ana miaka hamsini na tisa, na aliitwa hivyo kwa sababu hapakuwa na kifungo kilichokatika mtaani ambacho yeye hakukipatia pacha wake. Alikuja siku moja kuleta mapazia ya ukumbi. Kocha akamtazama mikono.

"Mama, mikono hiyo haitetemeki hata kidogo."

"Itetemeke ina malaria? Miaka arobaini nimeshika sindano, mwanangu."

"Basi shika na hii."

"We! Nikimtoboa mtu?"

"Mbele yako kuna ukuta tu, Mama. Mtoboe ukuta."

Alipiga tano. Kocha alikwenda ukutani na kukuta kadi safi kama ilivyotoka kwenye boksi. Aliporudi na saba, nane, tano, sita na tisa, Mama Vifungo aliishika kadi kwa mikono miwili kama cheti.

"Hii nimefanya mimi?"

"Ukuta haujipigi, Mama."

"Dada yangu aone hii! Mwalimu mkuu mzima yule, tangu tuko wadogo ananiambia mimi ni wa kushona tu, kichwa changu ni cha kuvalia kilemba."

Alikwenda na kadi hiyo nyumbani, akaibandika juu ya cherehani.

Wiki ya pili Kocha alijua kwamba kuna kasoro. Risasi za mgeni hutawanyika, lakini hutawanyika kuzunguka kitu. Za Mama Vifungo hazikuzunguka chochote. Akamsogeza karibu na dirisha, akisingizia kumrekebisha shingo, akalitazama jicho lake la kulia. Katikati ya mboni palikuwa na weupe, kama tone la maziwa ndani ya chai. Mama mzazi wa Kocha alikuwa nao kabla ya kupasuliwa. Mtoto wa jicho.

"Naona kama ukungu, mwanangu," alisema Mama Vifungo. "Ule weusi wa katikati ya kadi naukisia tu."

Kocha alipiga hesabu haraka. Akimwambia, atakwenda hospitali, na wakimpasua hatashika bunduki kwa wiki kadhaa. Akimhamishia jicho la kushoto, mwili utataka miezi mitatu kuzoea. Na yalibaki majuma saba, na wa tisa hakuwepo.

"Ukungu ni kawaida kwa mgeni," alisema. "Wewe kisia. Mkono wako unajua."

Akamletea kutoka ukutani kadi yenye nane mbili.

Wageni wengine Kocha aliwaachisha kadi za makaribisho, zile za bandia. Mama Vifungo hakuweza kuachishwa. Siku ambayo angeziona zake angeondoka. Kwa hiyo aliendelea, na kwa kuwa mtu huyo alikuwa anafanya bidii, ilibidi kadi zake zionyeshe maendeleo. Wiki ya tano Kocha alimpa kumi yake ya kwanza. Mama Vifungo aliimba. Wateja walipokuja kupimwa magauni walionyeshwa ukuta kwanza, magauni baadaye.

"Unajua, nilikuwa nimepanga kwenda kupima macho," alimwambia Kocha siku moja akifungasha vitu vyake. "Uzi siku hizi unanisumbua. Halafu nikajicheka. Mtu anayepiga tisa kutoka huku hadi kule, aende kupima nini?"

"Hata mimi ningekucheka, Mama," alisema Kocha, na wakacheka wote wawili.

Siku ya mashindano wakaja waamuzi wa nje, na waamuzi wa nje wanaleta kadi wenyewe. Kocha alilijua hilo tangu mwanzo. Alishampimia Mama Vifungo aibu ya saa moja, akaona inabebeka. Aibu hupita, ukumbi ukienda haurudi. Alichofanya ni kumfuata mwamuzi mkuu, mama mmoja mwenye filimbi shingoni, na kumwomba alama zisisomwe kwa sauti.

"Wageni wana woga," alieleza.

"Kanuni inasema zisomwe baada ya kila kadi, ili watazamaji wafuate."

"Kanuni hainyongi mtu."

"Haimnyongi mtu anayeifuata," alisema mwamuzi, akarudi kwenye meza yake.

Safu ya mbele alikaa afisa michezo na barua yake ndani ya faili. Nyuma yake watu wa mpira wa meza, wamekaa mkao wa kula. Na upande wa kulia, peke yake, dada mkubwa wa Mama Vifungo, mwalimu mkuu mstaafu, mkoba magotini, mgongo umenyooka kama rula.

Mama Vifungo alipewa nafasi ya nane, ya mwisho, kando ya nesi. Alimpungia dada yake mkono. Dada hakupunga.

Filimbi ikapigwa. Kadi ya kwanza ikapigwa, ikachukuliwa, ikapelekwa mezani.

"Nafasi ya saba: nane, saba, nane, saba, saba. Thelathini na saba. Nafasi ya nane: sifuri, sifuri, mbili, sifuri, sifuri. Mbili."

Watu walidhani wamesikia vibaya. Kisha mtu wa mpira wa meza akapasuka kicheko, na wenzake wakampokea.

"Mdogo wangu," alisema dada bila kupaza sauti, "ukuta huo umekukosea nini?"

Mama Vifungo alinyoosha mkono juu. "Bunduki hii ni mbovu."

Ilikuwa haki yake kuikataa. Mwamuzi mkuu alikuja, akaichukua, akapiga mara tatu kwenye kadi mpya, akaenda kuileta mwenyewe na kumwonyesha: kumi, kumi, tisa.

"Bunduki ni nzima. Endelea."

Kocha aliinama sikioni kwake. "Ni woga tu, Mama. Mkono wako unajua. Endelea."

Akaendelea. Kadi ya pili, sifuri. Ya tatu, tano, na watu wa mpira wa meza wakampigia makofi ya kejeli. Ya nne, tatu. Kila kadi iliposomwa alimgeukia Kocha, na kila alipogeuka Kocha alitikisa kichwa kwa kukubali na kumwonyesha dole gumba. Jasho lilimshuka Mama Vifungo hadi kwenye kola aliyoishona mwenyewe kwa ajili ya siku hii. Ya tano, sifuri. Ya sita, nne. Wenzake walikuwa wanamaliza mmoja mmoja, wanaweka bunduki chini na kukaa. Ya saba, moja.

"Angalau ana msimamo," alisema mtu nyuma.

Nesi alimaliza risasi yake ya arobaini. Alipata mia mbili tisini na saba, alama nyingi kuliko wageni wote siku hiyo, lakini chini sana ya alizozoea. Alipogeuka kukaa, Mama Vifungo naye alikuwa amegeuka kufuta jasho, na nuru ya dirisha ikampiga usoni.

"Mama," nesi alisema kwa sauti ya wodini, "hebu nitazame. Usifumbe."

Akamshika kidevu.

"Jicho hili lina mtoto wa jicho, tena limekomaa. Nani kakwambia utumie jicho hili?"

"Jicho langu zima," alisema Mama Vifungo. "Nina kadi kumi na nne ukutani kwangu. Saba, nane, tisa. Nina na kumi."

"Hukuzipiga kwa jicho hili. Hapo ulipo hunioni mimi pua wala mdomo."

"Sasa nani..." akaanza, akaishia hapo.

Kocha alimwona akirudi nyuma wiki moja moja, kama fundi anayefumua mshono kutafuta palipoharibika. Hakuchukua muda mrefu. Mama akamtazama Kocha, akalitazama koti lake.

Alikuwa amepiga risasi thelathini na tisa. Akailaza bunduki juu ya meza.

"Mama, imebaki moja," alisema Kocha.

"Najua kuhesabu. Darasa la nne hesabu nilimshinda dada, mwulize."

"Piga tu, popote. Ukipiga hata pembeni, umemaliza."

"Na nisipopiga?"

Kocha alitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika sita muda wa kupiga uishe. Mwenyekiti alikuwa ameacha kikombe chake. Afisa michezo alikuwa amefungua faili. Watu wa mpira wa meza, ambao sasa walielewa kinachosubiriwa, waliacha kucheka na kuanza kuomba kimya kimya.

"Tutapoteza ukumbi," alisema Kocha.

"Ahaa." Mama Vifungo alikaa kwenye kiti, akakunja mikono. "Kwa hiyo mimi nilikuwa wa nane. Zile kadi, mwanangu. Ni za nani?"

Afisa michezo alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Kocha alimkaribia kabisa, akanong'ona.

"Zangu."

"Sisikii."

"Zangu, Mama."

"Macho ndiyo mabovu, masikio nayo yameanza. Sema na dada yangu asikie, kaja kutoka mbali."

Dakika nne. Kocha alimtafuta Mwenyekiti kwa macho. Mwenyekiti alikuwa anasafisha miwani. Kocha akasimama wima kama afanyavyo akitangaza matokeo.

"Kadi kumi na nne za Mama Vifungo nilizipiga mimi. Nilizibadilisha ukutani."

"Na jicho?"

"Nililiona."

"Lini?"

"Wiki ya pili."

Mama Vifungo aliinuka, akaweka risasi kwenye bunduki, akaielekeza ukutani, na macho yake hayakumtoka Kocha alipovuta. Tundu halikuonekana popote. Mwamuzi mkuu alileta kadi na kusoma bila kubadilisha sauti.

"Nafasi ya nane, kadi ya mwisho: sifuri. Jumla, kumi na tano kati ya mia nne. Amemaliza."

Dada mtu alimfuata, akamshika kiwiko. "Ulimwamini mtu wa vifurushi," alisema. "Mimi dada yako miaka hamsini na tisa hukuniamini hata siku moja." Wakatoka hivyo, mmoja akimwongoza mwenzake kwenye ngazi, na huruma haikuonekana kwa yeyote kati yao.

Afisa michezo aliandika mstari mmoja kwenye faili. "Barua ilisema wamalize wanane. Wamemaliza. Ukumbi ni wenu." Kisha akamwambia Mwenyekiti, kana kwamba Kocha hakuwepo, "Huyu asiguse wageni tena. Wala ufunguo."

"Mimi nilikuwa sijui," alisema Mwenyekiti, akinyoosha kiganja.

Kocha alimtazama. Angeweza kusema jambo kuhusu maboksi ya kadi. Lakini alishasema kweli moja mchana huo na kuona bei yake. Akautoa ufunguo.

Wale wageni wengine walikuwa wamejikusanya karibu na mlango, wanaulizana kwa sauti za chini. Ile yako ya mwezi wa kwanza, ile ya tisa, unayo bado? Mmoja alitoa kadi kwenye pochi, akaitazama, akaichana mara mbili. Wakaondoka bila kuaga. Alibaki nesi, anafungua kamba za glavu ya kupigia.

"Na zangu?" aliuliza.

"Zako zilikuwa zako," alisema Kocha. "Zote. Tangu ya kwanza."

"Zile za mia tatu sitini za mwezi uliopita?"

"Ulipiga wewe."

"Leo nimepata mia mbili tisini na saba."

"Woga. Kila mtu hushuka siku ya kwanza ya mashindano. Mimi mwenyewe nilishuka alama sabini."

"Inawezekana," alisema nesi. "Au hiki ndicho kiwango changu."

"Nisikilize." Kocha alimshika mkono, akauachia. "Miaka kumi na mmoja nimepokea wageni mia nne na zaidi. Sijaona mkono kama wako. Sikukwambia makusudi. Mwaka mmoja tu, unaingia timu ya taifa. Kaa hapo upige kadi moja, mwamuzi akuletee mwenyewe, uone."

Waamuzi walikuwa wameshafungasha. Mwenyekiti alikuwa mlangoni, anajaribu ufunguo, anasubiri watoke.

Kocha akaendelea. Akamtajia siku na alama za kila siku, kwa kichwa, bila kukosea hata moja: Jumatatu ile, Alhamisi ile, kumi tatu mfululizo asubuhi ya mvua. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyomsikiliza mgonjwa anayeapa kwamba amepona na anataka kwenda nyumbani. Kisha akaweka glavu mezani, akasema zamu yake inaanza saa nane, akaenda kazini.